Faili Nililoliacha Wazi

Zaituni mwanangu,

Hasira bado ninayo. Ndiyo maana nimechukua kalamu badala ya kukuita. Nikikuita nitapaza sauti, wewe utainamisha kichwa kama jana, halafu kesho asubuhi utapanda treni ya Dodoma kwenda kuanza kazi tukiwa tumeachana vibaya. Umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako, kwa hiyo nina saa mbili tatu za utulivu. Habari za mashuka, za dawa, za kupiga simu ukifika, sizigusi. Hayo unayajua.

Nataka ujue kwa nini jana niliacha chakula.

Ulikuwa unahadithia mambo ya ile ofisi ya Morogoro ulikofanyia mafunzo, ile inayotengeneza mfumo wa shule za bweni. Ukasema siku moja wewe na wenzako mlisoma ujumbe wa mzazi mmoja, kamwandikia matroni kwamba binti yake yuko kidato cha pili na bado anakojoa kitandani, tafadhali asipewe kitanda cha juu. Ukacheka mpaka ukaweka kijiko chini. Nikakuuliza kama ujumbe ule uliandikiwa wewe. Ukasema hapana, ulikuwa kwenye logi, yale maandishi ambayo mfumo unajiandikia. Mliwasha dibagi kutafuta hitilafu, na dibagi ikiwashwa mfumo unaandika kila kinachopita. Halafu ukasema neno lililoniinua mezani.

"Mama, ni logi tu."

Na mimi niliwahi kusema hivyo. Nilisema kwa sauti hiyo hiyo, nikiwa na cheti changu cha miezi sita na ufunguo wa chumba cha seva mfukoni, nikijiona mtu wa maana. Wewe umekwenda chuo miaka mitatu, unajua mengi kuliko mimi. Hili moja hulijui, na kosa ni langu kwa sababu nimekuficha kwa miaka mitano.

Unakikumbuka kile kituo cha afya nilichokuwa nafanya kazi hapa Kilosa, chenye tawi kule Mikumi, barabara kuu. Jina lake nisiliandike. Seva yake ilikaa nyuma ya stoo ya dawa, chumba kidogo chenye feni, na mimi ndiye niliyekuwa mwenyewe. Vipimo vya Mikumi vilikuwa vinaingizwa kule na kutokea huku. Mwaka ule majibu yakaanza kupotea njiani. Mgonjwa anapimwa Mikumi asubuhi, daktari wa Kilosa anangoja mpaka jioni haoni kitu. Daktari mwenye kituo alikuwa ananipigia simu kila baada ya dakika kumi kama vile majibu nimeyakalia.

Yule kijana wa Dar es Salaam aliyetutengenezea mfumo akaniambia kwa simu niwashe dibagi, na faili lake niliweke mahali ambapo yeye na kila atakayesaidia ataliona bila kuulizwa ruhusa. Nikamwambia ndani kutakuwa na majina ya wagonjwa. Akasema, "Fungua tu mama, tutafunga baadaye." Nikafungua. Nikaandika ile amri ya saba tatu, unayoijua, kila mtu asome, kila mtu aandike, kila mtu afanye atakavyo. Faili nikalielekeza kwenye folda ambayo kompyuta zote kumi na moja za Kilosa ziliifungua kila siku kuchukua fomu za likizo na ratiba za zamu. Folda yenyewe nilikuwa nimeipa jina mwenyewe, kwa herufi kubwa: YA WOTE.

Siku mbili tu tukaipata hitilafu. Saa ya kompyuta moja ya Mikumi ilikuwa inarudi nyuma kila umeme ukikatika, mfumo ukaona majibu ni ya zamani ukayatupa. Tukabadilisha betri ndogo ya humo ndani, majibu yakaanza kuja. Daktari akaninunulia soda mbele ya watu. Nikarudi nyumbani nikiimba.

Sikuizima dibagi, Zaituni. Sikulifunga faili. Hakuna aliyenizuia, hakukuwa na umeme uliokatika wala ugonjwa ulionishika. Nilisahau kwa sababu tatizo langu lilikuwa limekwisha. Miezi saba faili lile likawa linaandika jina la kila aliyepimwa, umri wake, namba yake ya simu, kipimo chake na jibu lake, na paswedi za wafanyakazi wenzangu juu yake, wazi, mahali ambapo hata mfagizi akitafuta ratiba ya zamu angeliona.

Siku hizi nikisikia mtu anasema ataizima baadaye natamani kumshika ukosi. Baadaye haina tarehe. Siku unayoiwasha, panga na siku itakayozimika yenyewe, kabla hujainuka kwenye kiti. Na mgonjwa aingie humo kwa namba isiyo na sura, jina libaki kwenye mfumo. Hitilafu yetu ilikuwa ya saa. Kulikuwa na haja gani ya kujua nani anaumwa nini ili kugundua saa imerudi nyuma?

Sasa nakuja kwa Mama Chausiku.

Humkumbuki vizuri labda. Ulipokuwa darasa la kwanza na la pili tulikaa Kimamba, na mimi nilikuwa nashinda Kilosa, kwenye ile kozi na baadaye kazini. Wewe ulikula kwake. Banda lake lilikuwa jirani na stesheni, wali maharage, mchicha, chapati asubuhi. Ulikuwa unatoka shule unakaa kwenye benchi lake mpaka nirudi, na hata siku moja hakuniambia amechoka na wewe. Watu wa mashamba ya zamani ya mkonge, wakulima, waendesha bodaboda, wote walikula pale.

Dada yake alikufa kwa tumbo kujaa maji. Hospitali kubwa wakasema ni ini. Mama Chausiku akaingiwa na hofu, akataka kupima. Kilosa hakutaka, maana Kilosa anafahamika, na Kimamba ndiko kabisa. Akapanda gari mpaka Kilosa, akashuka, akapanda lingine mpaka Mikumi, karibu nusu siku ya safari, ili apimwe na watu asiowajua. Aliyemtoa damu ni Daudi, fundi wa maabara wa tawi lile, kijana mpole sana. Akamwita ndani, akafunga mlango, akamweleza kwamba anavyo virusi vya homa ya ini, ile aina ya B. Akamweleza kwamba inaambukiza kwa damu na kwa ndoa, na mama kumpa mtoto anapozaliwa. Kwa sahani na kijiko haiambukizi. Ataendelea kupika. Akampangia siku ya kurudi kumwona daktari.

Yeye alifanya kila kitu sawasawa. Daudi naye alifanya kila kitu sawasawa. Mlango aliufunga yeye, mimi nikauacha wazi mwingine, kilomita sabini na kitu kutoka pale.

Ilikuwa Jumanne asubuhi alipokuja kwenye dirisha langu. Hakupita mapokezi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia, akanisogezea simu. Ilikuwa picha ya skrini ya kompyuta, imepigwa kwa simu, imepinda kidogo. Akaniambia imezunguka Kimamba siku tatu, kwenye makundi ya simu, na jana hakuuza hata sahani moja.

"Mama Zaituni," akasema, "haya maandishi ni ya wapi?"

Niliyajua kabla hajamaliza kuuliza. Jibu la maabara lina muhuri na kichwa cha kituo. Ile ilikuwa mistari myembamba, tarehe, saa mpaka sekunde, halafu jina lake, umri, namba ya simu, kipimo, jibu. Ilikuwa mistari yangu. Ungemwonyesha mwanamke mshono wake mwenyewe, asingeujua upesi kama nilivyoijua ile mistari.

Nikamwambia sijui.

Mwanangu, nimekaa hapa nimeliangalia neno hilo kwenye karatasi. Mwanamke aliyekulisha alisimama dirishani kwangu na mimi nikamwambia sijui.

Alipoondoka nikakimbia chumba cha seva. Faili lilikuwa bado linaandika, mbele ya macho yangu mgonjwa wa asubuhi ile akiingia mstari kwa mstari. Nikaizima dibagi, nikaondoa ruhusa, nikaenda kwa daktari mwenye kituo nikamweleza. Hapo nilifanya vizuri, dakika tano tu. Alinisikiliza akizungusha kalamu. Hakuuliza habari za Mama Chausiku. Aliuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Akauliza hizo logi bado zipo. Nikasema zipo.

"Basi zisiwepo," akasema.

Nikarudi nikafuta. Nikafuta faili, na nikafuta lile daftari jingine ambalo seva inajiandikia nani kafungua nini, kutoka kompyuta ipi, saa ngapi. Yaani aliyeipiga picha ile alikuwa ametajwa mle ndani na sikuangalia. Nilifuta kwa haraka kama mtu anayefuta damu sakafuni. Hadi leo sijui ni nani kati ya watu wa zile kompyuta kumi na moja. Nilifanya nao kazi, nilicheka nao, nilikwenda misiba yao, na mmoja wao ndiye, na nimemficha mimi kwa vidole vyangu. Hilo linanichoma kuliko soda ya daktari. Siku balaa ikikupata huko uendako, funga mlango, lakini usifagie. Acha kila kitu kilivyo, toa nakala, mwite mwenye mamlaka na uandike umemwita saa ngapi. Atakayekuambia ufute ana lake.

Kituo kilihitaji mkosaji. Wiki ile ile Daudi akaitwa kutoka Mikumi. Kikao kilikuwa na watu wanne: daktari, mhasibu, Daudi na mimi. Daudi alisalimia kila mtu, akakaa. Daktari akasema sampuli alichukua yeye, jibu aliandika yeye, mgonjwa alimwona yeye peke yake, sasa jibu liko mitaani Kimamba. Daudi akasema hajawahi kutoa jibu la mtu nje na hata simu yake wakitaka waikague. Daktari akanigeukia mimi.

"Mama, wewe ndiye mtaalamu. Mfumo wetu uko salama?"

Daudi alinitazama. Hakuwa na wasiwasi. Alinitazama kama mtu anayeona msaada umefika.

Nikasema uko salama.

Alifukuzwa siku ile ile. Akapewa barua, akatoka nayo mkononi bila kuikunja.

Nikuambie nilivyojidanganya. Nilisema nafanya hivi kwa ajili ya Zaituni. Zaituni yuko kidato cha nne, baba yake ametangulia, nikikosa kazi hii atasomaje. Nilirudia hivyo usiku na mchana kama dua. Leo nakataa. Wewe hukuniomba niseme uongo. Ulikuwa unafanya hesabu zako sebuleni, hujui lolote. Nilikutumia kama ngao, na mtu anayemfanya mtoto wake ngao asijiite mzazi mwema. Ukiwa na watoto wako, usije ukawabebesha woga wako.

Halafu Daudi akaja nyumbani. Utakumbuka hapa, maana wewe ndiye uliyemletea maji. Kijana mrefu, shati jeupe, viatu vimejaa vumbi. Ulimwamkia, akakuuliza masomo yanaendaje. Ulipoingia ndani aliniambia hajaja kulalamika. Alikuwa amefikiri sana. Akasema, "Dada, wewe ndiye unayeijua ile mashine, na mashine inakumbuka. Nisaidie kuangalia siku ile nani alifungua lile jibu. Likionekana jina langu nitakubali."

Nikamwambia kumbukumbu za muda ule hazipo, zimejifuta zenyewe.

Akanywa maji yake, akashukuru, akaondoka. Aliniamini, Zaituni. Aliamini kwa sababu aliyesema ni mtaalamu. Watu wote wa maana katika habari hii waliniamini, ndiyo maana niliweza kuwaumiza.

Miezi minne ikapita. Nilikuwa nakwenda kazini na kurudi. Siku moja seva ikaanza kulalamika kwamba diski inakaribia kujaa. Nikaingia kutafuta kinachojaza. Nikakuta kwenye kona ambayo huwa sifungui nakala za logi za zamani, zimebanwa vizuri, moja kwa kila wiki ya ile miezi saba. Mashine ilikuwa inazitunza yenyewe kama ilivyopangwa tangu mwanzo, na mimi kwa haraka zangu nilikuwa nimefuta faili la mwisho tu na lile daftari. Mengine yote yalikuwepo.

Nikafungua ile ya wiki yake. Mstari ulikuwepo, sekunde kwa sekunde kama ulivyokuwa kwenye picha. Ulikuwa umetoka kwenye folda yangu ya Kilosa, na folda ile Mikumi haikufunguka kabisa. Mtandao wao haukuwa na njia ya kuifikia. Daudi asingeweza kuuona hata angetaka. Ushahidi wote wa kumsafisha ulikuwa umekaa pale miezi minne, mita mbili kutoka kiti changu.

Nikaendelea kusoma. Sikuwa na ruhusa ya kusoma, lakini nilisoma. Mtu ninayesali naye. Mke wa jirani. Mzee aliyetuuzia kiwanja. Nikawa nasoma kama wewe na wenzako mlivyosoma, isipokuwa sikucheka. Halafu, kwenye wiki nyingine, nikakuta jina lako.

Kipimo gani, sitaandika. Unakijua. Unajua ulivyoniomba nisimwambie hata bibi yako.

Niliinuka nikasukuma kiti nyuma. Miezi mingapi lilikuwa wazi, nani amelisoma, nani amekuangalia sokoni akijua. Nilitaka kwenda kumkamata mtu. Halafu nikakaa chini, maana nilielewa ninachokifanya. Jina la Mama Chausiku nililiona nikala na nikalala. Jina la Daudi nililiua mwenyewe kikaoni. La kwako tu ndilo lililoniinua kitini. Hasira niliyokuwa nayo siku ile ndiyo hii hii unayoiona leo, Zaituni, na haijapungua. Si kwako wala si kwa yule daktari, ingawa yeye ana fungu lake. Ni kwangu mimi niliyekuwa mtaalamu wa kulinda majina elfu, kumbe nilikuwa najua jina moja tu.

Wewe ulimcheka mtoto wa kidato cha pili. Ana mama yake mahali fulani.

Niliandika maelezo yangu kwa mkono, kurasa tatu. Nilichowasha, nilipokiweka, miezi niliyosahau, nilichofuta na kwa amri ya nani, nilichosema kikaoni. Nikasaini. Nakala zile za logi sikuzitoa nje, maana nisingeponya watu kwa kubeba siri zao kwenye mkoba. Nikampelekea daktari maelezo. Akasoma mpaka mwisho, akaniambia nifikirie mtoto wangu. Nikamwambia ndiye niliyemfikiria. Akasema basi kesho nisije. Nilimwambia nakala ya karatasi zile ninayo, na ninaipeleka kwa Daudi, kijijini Ruaha alikohamia. Hapo ndipo kalamu yake ilipoacha kuzunguka mkononi.

Kwako nilisema mkataba umekwisha. Ulikuwa unajiandaa kwenda bweni, kidato cha tano. Huo nao ulikuwa uongo, uongeze kwenye hesabu.

Daudi nilimkuta kwenye shamba la miwa la wakwe zake, anapalilia. Aliosha mikono, tukakaa kwenye gogo, akasoma kurasa zote tatu polepole. Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa nayataka. Akakunja karatasi akaniuliza kama nimekula. Halafu akasema, "Dada, siku ile ulikuwa na neno moja tu la kusema. Moja." Hakuongeza. Kituo kiliogopa zile karatasi, wakamwandikia barua ya kumsafisha na kumwita arudi. Hakurudi. Alipata maabara nyingine huko Ifakara na mpaka leo hapokei simu yangu. Ana haki.

Mama Chausiku hakuwa tena Kimamba. Banda lilikuwa limebaki nguzo. Nikaelekezwa Munisagara, kwenye shamba la marehemu wazazi wake, nikampata anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikamweleza yote, na lile sijui la dirishani pia. Aliendelea kupukuchua muda wote. Nilipomaliza akasema, "Nimekusikia. Sasa kaseme hivyo Kimamba, mchana, watu wakiwa wamekaa."

Nikaenda. Ilikuwa siku ya gulio, saa saba mchana, pale watu wanapokula. Nilisimama nikajitambulisha, nikasema ile picha ilitoka kwangu, kwa uzembe wangu, na kijana wa Mikumi hana kosa. Nikasema ugonjwa ule hauambukizi kwa chakula, nikaeleza kama Daudi alivyoeleza. Watu walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mwanamume mmoja fundi baiskeli, mtu aliyekula kwa Mama Chausiku miaka kumi kwa mkopo na kwa fedha, akauliza swali.

"Kwa hiyo homa anayo, au hana?"

Wengine wakanigeukia wanangoja jibu. Hilo tu ndilo walilotaka. Nilikuwa nimesimama mbele yao kukiri kosa, na bado walikuwa wananiomba niwafungulie lile faili mara ya pili. Sikujibu. Nikaondoka, nikapanda bodaboda, nikalia kwa hasira mpaka Kilosa, dereva akadhani nimefiwa.

Faili unaweza kulifuta, mwanangu. Nakala zake unaweza kuzifuta, ukizikumbuka. Kilichokwisha kusomwa hakifutiki kwenye kichwa cha fundi baiskeli. Siku hizi kuna sheria ya mambo haya na nafurahi ipo, mtakaririshwa huko kazini. Lakini sheria itakuja baada ya picha kuzunguka. Kabla ya hapo utakuwepo wewe peke yako, kwenye chumba chenye feni, ukiamua asome nani.

Sasa mimi nina duka langu la kuchapa na fotokopi, na hakuna karatasi ya mteja inayolala kwenye kompyuta yangu. Watu wanasema nina visirani. Waseme.

Jana baada ya kuacha chakula uliniona nimevaa khanga nikatoka. Ulidhani nimekwenda kwa jirani. Nilikodi bodaboda mpaka Munisagara. Nilikuwa nataka kukuandikia barua hii, na nusu ya habari iliyomo si yangu. Ni ugonjwa wa mtu mwingine. Kwa mara ya kwanza katika mambo haya yote nilikwenda kuomba kwanza.

Mama Chausiku amezeeka, lakini mwili anao. Anahudhuria kliniki, anapimwa kila baada ya miezi kadhaa, anaendelea vizuri. Alinisikiliza, akataka kujua umekuwa wa kimo gani. Nikamweleza. Nikamwambia ulivyocheka pia, sikuficha. Akafikicha punje mbili tatu za mahindi kiganjani.

"Mwambie," akasema. "Mwambie na jina langu. Homa ya ini ninayo, natembea nayo, haijanifanya kitu. Kinachoniamsha asubuhi ni kwamba sina wa kumpikia."

Halafu akaniita nilipokuwa nimekwisha inuka. Akasema anamwamini yule mtoto wa benchi, ndiyo maana amekubali, na wewe ni mtu mmoja. Mwenzako wa kazi hayumo. Rafiki yako wa chuo hayumo. Atakayekuwa mume wako hayumo, mpaka yeye mwenyewe aulizwe.

Nenda salama, Zaituni. Hasira hii nimekupa kwa sababu ndiyo mali niliyoichuma kwa shida. Sasa umejua. Na ruhusa niliyopewa ilikuwa ya mtu mmoja.

Mama yako.